Nilivyoirudisha Pua Yangu

Kama una mafua yasiyokwisha, na siku hizi watu wakizungumza nawe hurudi nyuma hatua moja, soma haya mpaka mwisho. Sikutanii. Mimi nilirudiwa nyuma hatua moja kwa miaka minne, na wa kuniambia sababu hakuwepo. Watu wetu wana adabu nyingi, na nyingine kati ya adabu hizo ni za kumuua mtu.

Naitwa Tima, mzaliwa wa Chula, kisiwa kimoja upande wa Kismayu. Majirani zetu waliishi kwa samaki na mashua. Sisi tuliishi kwa pua, maana mama yangu alikuwa mpika udi. Kukiwa na harusi kisiwa cha jirani cha Koyama, au hata Kismayu mjini kwenye maduka yote yale, watu walituma kwa mama. Udi wetu ni wa sukari: unapika sukari na maji mpaka iwe nzito, kisha unatia vijiti vya sandali, uvumba uliotwangwa, ambari kidogo na marashi. Vitu hivyo kila mtu anavijua. Kazi iko kwenye sukari. Ukiitoa motoni mapema, udi unanata tu na haunukii. Ukichelewa, utafukiza nyumba ya watu kwa harufu ya sufuria iliyoungua, na bi harusi atakukumbuka kwa hilo maisha yake yote.

"Usiitazame," mama alikuwa akiniambia. "Macho ni mazito. Inuse."

Na ni kweli. Kabla rangi haijageuka, sukari hutoa harufu moja fupi, kama ya tende zilizopata jua. Ukiisikia, toa sufuria. Sikuwahi kuona mtu mwingine akiijua harufu ile isipokuwa mama na mimi.

Serikali ilipoanguka, watu wenye bunduki walikuja kisiwani mara ya kwanza kuchukua mashine za mashua. Mara ya pili walichukua nyavu. Mara ya tatu walichukua hata masufuria na milango. Hatukungoja mara ya nne. Mume wangu Shee, ambaye ni fundi wa mashua, alitupakia mimi, mama, binti yetu Barke aliyekuwa na miaka kumi na minne, na dada yake Mwanakhadija, wifi yangu, ambaye mtamsikia sana hapa. Mama aliacha kila kitu isipokuwa mkebe mmoja wa bati alioufunga kifuani kwa kanga. Ndani yake mlikuwa na udi wa mwisho alioupika Chula.

Ilinyesha tangu tulipoondoka. Tulipofika Ras Kamboni nguo zilikuwa hazijakauka kwa siku tatu, nami nilikuwa na mafua ya kawaida tu, ya kupiga chafya. Tulihifadhiwa kwenye banda la kukaushia papa. Wote walilalamika kwamba hawawezi kukaa humo kwa uvundo. Mimi nilishangaa wanalalamikia nini. Ile ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na sikuitambua.

Kutoka hapo tulivuka mpaka hadi Kiunga, na mwishowe tukafikishwa kambi ya wakimbizi nje ya mji wa Mombasa. Wenzangu wote walipona mafua yao. Yangu yalihamia usoni yakajenga. Asubuhi nilihisi mtu ameniwekea jiwe juu ya nyusi. Chini ya macho palivimba. Makamasi mazito ya kijani yalishuka kooni mchana kutwa, nikawa natema kila kona kama mzee wa tumbaku. Meno ya juu yaliniuma mpaka nikaenda nikang'olewa jino, na jino lenyewe lilikuwa zima, halina hata alama. Kila nikikumbuka jino lile hupandwa na hasira upya.

Pabaya zaidi palikuwa kwenye sala. Nikisujudu, uso wote ulitaka kumwagika kwenye mkeka. Nikaanza kusali nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanamke wa miaka thelathini na sita, huku bibi wa miaka themanini jirani yetu anasujudu mbele yangu bila taabu.

Na sikuwa nikisikia harufu. Yoyote. Nilipika kwa kukisia, chumvi leo nyingi kesho hakuna. Shee alikula akanyamaza. Mwanaume akinyamaza juu ya mchuzi siku tatu mfululizo, jua mambo yameharibika.

Masika ya pili tukiwa kambini, mama aliugua homa. Alipoona hanyanyuki, aliniita, akanipa ule mkebe.

"Barke akiolewa, mpikie kama huu," alisema. "Ukisahau, fungua unuse."

Akanitaka nifungue palepale. Nikafungua, nikauweka puani, nikavuta pumzi yote niliyoweza. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama kunusa maji. Mama alikuwa akinitazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama," nikasema.

Alifariki siku mbili baadaye akiamini hivyo. Uongo ule niliuchukua miaka miwili, na ulikuwa mzito kuliko lile jiwe la juu ya nyusi. Sukari ile hakuna aliyebaki kuijua isipokuwa mimi, na mimi pua sina. Barke hakuwahi kufundishwa, kwa sababu tulikuwa tunangoja akue.

Sasa niwaambie kosa langu, kwani wengi wenu mnalifanya hivi sasa mkisoma.

Kwenye zahanati ya kambi nilipewa vidonge vya antibiotiki, vile tunavyoviita rangi mbili. Mfuko mzima, nimeze siku kumi. Siku ya tatu uso ukapungua, nikajisikia mtu. Na sisi kwetu kula peke yako ni aibu. Kuanzia siku ile tuliyotoka Chula tulikuwa tunagawana kila kitu: embe moja watu watano, sabuni moja nyumba tatu. Nani atakaa na mfuko mzima wa dawa na jirani anakohoa? Vinne nikampa jirani. Shee akawa na jipu, akapata vitatu. Mwanakhadija alikatwa na kigae mguuni, akapasua kidonge, akanyunyiza ule unga kwenye kidonda kama anayetia chumvi samaki. Mfuko ukaisha. Baada ya wiki mbili uso ukarudi na hasira zaidi.

Nilifanya hivyo mara tatu! Mara ya tatu vidonge havikunipunguzia hata siku moja.

Halafu nikakumbuka kwamba Chula mwenye mafua aliambiwa aende akapige mbizi, maji ya chumvi yamwoshe. Nikashuka pwani ya Mombasa, karibu na mahali wanapopasulia samaki, mfereji wa mji unamwagika palepale, nikavuta maji yale puani kwa imani yangu yote. Nililala siku nne na homa. Bahari ya nyumbani na ile ya nyuma ya soko zinaitwa bahari zote mbili, lakini usizitie puani kwa jina.

Barke alipotimiza miaka kumi na minane ililetwa posa, kijana wa watu wa Koyama, tabia nzuri. Tukakubali. Harusi ikapangwa Mfungo Tatu, baada ya Ramadhani. Mchana mmoja nikawa namsuka Barke, ameegemea magoti yangu. Kila nikiinama, anageuza shingo. Nikamvuta nikamrudisha. Akageuza tena.

"Una nini wewe?"

Akainamisha kichwa. Kisha akasema pole pole, "Mama, usinikasirikie. Pua yako yanuka."

Mpika udi, binti wa mpika udi. Niliacha nywele nusu zimesukwa, nikatoka nikasimama nyuma ya nyumba. Nililia, sioni haya kusema. Lakini namshukuru mtoto yule mpaka leo, kwa kuwa yeye peke yake alinipenda zaidi ya adabu. Asubuhi yake nikaenda hospitali kubwa mjini.

Mwenye kukaa benchi la hospitali anajua. Unasogea kwa makalio, nafasi moja kwa saa. Nilijifunga buibui mpaka machoni na kukaa pembeni kabisa, ili nisimuudhi mtu. Mama mmoja aliyekuwa na sikio limefungwa bendeji aliniona, akanyanyuka kwenye nafasi yake nzuri chini ya pangaboi, akaja kukaa karibu nami. "Mimi sisikii, wewe husikii harufu," alisema baada ya kunihoji. "Tutaelewana." Tulicheka mpaka tukakaripiwa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Aliniangalia puani kwa taa, akashusha pumzi.

"Umeshapewa antibiotiki, mama?"

"Mara tatu, daktari."

"Ukamaliza?"

"Zilikwisha."

Akanitazama juu ya miwani. "Sijauliza kama zilikwisha. Nauliza kama ulizimeza wewe."

Nikamweleza yote: jirani, jipu, mguu wa wifi. Nilidhani atanisifu kwa ukarimu. Aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo umetibu kambi nusu nusu, na hakuna aliyepona. Vidudu vyako umevionjesha dawa kidogo kidogo mpaka vimeizoea." Akaniandikia dawa nyingine, siku ishirini na moja, mara tatu kwa siku. "Akikuomba mtu hata kimoja, mwambie aje kwangu. Na ikishindikana hii itabidi tupasue, na hapo siahidi kama harufu itarudi."

Kisha akanifundisha kuosha pua. Nikamwambia, "Daktari, mimi Muislamu. Napandisha maji puani tangu mtoto, kila udhu, mara tatu."

"Hayo yanaishia mlangoni," akasema. "Haya yanaingia mpaka vyumba vya ndani."

Chukua buli dogo la chai lenye mdomo mwembamba, lisitumike kwa kitu kingine. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kikombe kimoja, nusu kijiko cha chai cha chumvi laini. Inama kwenye beseni, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, mimina kwenye tundu la juu. Maji yatokee tundu la chini. Usipenge kwa nguvu. Asubuhi na jioni. Na maji lazima yachemshwe. Mimi nimeshawaambia habari za ile pwani yangu.

Mara ya kwanza nilidhani nazama. Niliyameza, yakatokea machoni, nikakohoa mpaka Barke akaja mbio. Siku ya pili yalikataa kabisa kupita. Siku ya nne, maji yalisimama kidogo, kitu kikatekenya ndani ya uso, na pakatoka donge ambalo sitalieleza kwa sababu huenda unasoma ukiwa unakula. Nilimwita Shee aje alione. Ndiyo, nilimwita. Alikuwa ameziba mashua za watu miaka ishirini, akachuchumaa mbele ya beseni akaliangalia kama fundi.

"Bibi wewe," akasema kwa lugha ya kwetu, ambako mtu ni mchu, "hii ni kalafati. Mchu amekuziba kwa pamba na sifa, mafuta yale ya papa, ukae usivuje."

Pumzi ikapita upande wa kulia, baridi, hadi nyuma ya jicho. Sikuwa nimeihisi pumzi hiyo tangu Ras Kamboni.

Siku ya sita ndipo ulipokuja mtihani. Mwanakhadija aliingia na shavu limevimba, jino.

"Wifi, nipa viwili tu."

Nikasema siwezi. Aliniangalia akingoja nicheke.

"Vichu viwili, Tima. Si mfuko."

"Hata kimoja. Daktari amesema uende, atakupa vyako. Twende pamoja sasa hivi."

"Tumekula sahani moja tangu kwetu," alisema. "Tumelala banda moja na papa. Leo wanifichia kidonge? Kumbe mchu akiona Mombasa husahau wachu wake."

Akatoka. Moyo uliniuma kuliko uso. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika mfuko, na kama angegeuka mara moja tu ningempa. Nilimfikiria mama akiniuliza "Umesikia?" nikaurudisha mfuko juu ya kabati. Shee alimpeleka dada yake hospitali kesho yake, akapata dawa yake mwenyewe, akapona. Lakini kusema nami akaacha. Shaabani yote iliyobaki alipita mbele ya mlango wangu akiwasalimu kuku.

Ramadhani ikaingia nimebakiwa na siku nane za dawa. Nilitaka kufunga na kumeza vyote vitatu baada ya futari. Shee, mtu wa maneno machache, alikataa.

"Mungu kakuruhusu, wewe nani ukatae? Utalipa."

Ni vigumu kula mchana wa Ramadhani kwenye nyumba ambayo majirani wanasikia hata unavyokohoa. Kila adhuhuri Shee, mwenyewe kafunga, midomo imemkauka, alifunga mlango, akanipa kidonge, mkate na maji kwa mkono wake, akasimama mlangoni mpaka nimalize. Hakuwahi kuniambia ananipenda. Sina haja tena ya kuambiwa.

Siku ya pili ya Ramadhani nilifungua mlango asubuhi nikakuta sufuria ya maji imefunikwa, maji yamechemshwa, bado vuguvugu, na kando yake kijikaratasi cha chumvi. Kesho yake tena. Sikuuliza. Kule upande wa pili wa ua Mwanakhadija alikuwa anafagia kwa bidii mahali palipokwisha fagiwa.

Dawa ikaisha, kidonge cha mwisho nikakimeza mimi mwenyewe. Nikaanza kufunga kama wenzangu, na kuosha pua kwangu kukawa baada ya futari na kabla ya alfajiri. Jiwe la juu ya nyusi likawa kokoto, kisha likawa halipo. Tarehe ishirini na kitu, nilisujudu. Nikakaa kwenye sijda muda mrefu hadi Barke akaniuliza kama nimelala.

Siku hiyohiyo, baada ya alasiri, nilikuwa nakuna nazi uani. Ghafla nikasimama.

"Nini kilichooza hapa? Panya?"

Mwanakhadija aligeuka kwenye jiko lake, mwiko mkononi, akasahau kwamba hasemi nami. "Panya? Huyo ni papa wangu! Nimemroweka tangu asubuhi, na..." Mwiko ukaanguka. "Tima. Wasikia?"

"Nasikia. Anuka, wallahi, anuka vibaya!"

Alikuja akanikumbatia na mikono yake yote ya papa, nami nikamnusa: samaki, moshi, jasho, mafuta ya nazi kwenye nywele. Tulilia na kucheka kama wendawazimu, na tukiwa tumefunga. Futari ile nilikula papa mpaka nikaonewa aibu.

Sikuufungua mkebe siku hiyo. Niliogopa. Nilingoja mpaka baada ya Idi, niliporudi kwa daktari akanimulika akasema, "Safi. Endelea kuosha." Ndipo nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani peke yangu, nikang'oa kifuniko. Udi ulikuwa umekauka, umepasuka. Nikauweka puani. Kwanza sandali. Kisha nyuma yake, mbali lakini wazi, ile tende ya juani, na nyuma ya tende, kanga ya mama, kifua chake.

"Nimesikia, mama," nikasema kwa sauti. "Sasa nimesikia kweli."

Sitawadanganya kwamba ugonjwa uliisha moja kwa moja. Kila kusi ikiingia na baridi yake, pua hutaka kuziba, nami huongeza kuosha. Mwaka uliofuata ulinirudia mara moja, nikameza dawa siku zote nilizoandikiwa, wala hakuna aliyeniomba, kwa sababu Mwanakhadija alikuwa ameshatangaza kambi nzima kwamba atakayemwomba Tima kidonge ataonana naye. Buli langu liko rafuni, kando ya chetezo. Wageni hufikiri ni la chai.

Lakini nirudi kwenye Mfungo Tatu ule: wiki moja kabla ya harusi ya Barke, nilibandika sufuria. Sukari, maji, moto wa makaa mdogo. Nilimwita Barke, nikamnusisha kwanza mkebe wa bibi yake, kisha nikamfunga macho kwa mtandio wake mwenyewe. Mwiko nikaushika mimi. Mwanakhadija alikaa kwenye kizingiti, Shee nyuma yake na randa mkononi, kaacha kazini mlango wa mtu aliokuwa akiupiga randa.

"Sitaki utazame," nikamwambia. "Sitakwambia kitu. Utaniambia wewe."

Sukari ikaanza kuchemka, ikapiga mapovu makubwa, ikapiga madogo. Barke aliinamisha uso. Mimi nilikuwa nangoja pamoja naye, pua mbili juu ya sufuria moja, na nikaisikia inakuja. Nikauma ulimi nisiseme.

"Sasa, mama," Barke akasema.

Nikatoa sufuria.